Kukliari mzigo wa wanyamapori mtandaoni: forodha ndo hatua ya mwisho

Watu wengi wanaanzia mwisho. Mtu kapata mteja nje, mteja anataka ngozi za mamba, au vinyonga hai, au manyoya ya ndege, au mbao za mpingo, wameelewana bei na advansi imeshaingia, basi jamaa anafungua akaunti kwenye mfumo wa forodha anaanza kujaza fomu. Anajaza vizuri tu, anaaplodi invoisi, anasabmiti, mfumo unampa namba na kumwambia ombi limepokelewa, anampigia mteja simu kwamba mzigo uko njiani. Alafu mzigo unakwama pale pale pa kutokea, siku zinapita, na kama ni wanyama hai ndo wanaanza kudhoofu kwenye maboksi huku watu wanatafutana kwa simu kujua kibali kiko wapi.

Nataka niliongelee hili kwa urefu kwa sababu kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya aina hii, na inaniuma kuona mtu mwenye shamba halali kabisa, mwenye leseni, anayefuga vizuri, anawekwa kapu moja na jangili kwa sababu tu karatasi zake hazisemi kitu kimoja. Kadhia ya forodha, yani lile tamko la mzigo unalojaza kwenye mfumo, ni mahali unaporudia maneno ambayo tayari yameshasemwa na karatasi zingine. Kama hizo karatasi zingine hazipo, au zipo na zinapingana, hakuna mfumo wa kompyuta utakaokuokoa. Na kusema "imepokelewa" maana yake ni kwamba vile viboksi vya lazima vimejazwa na faili limefunguka, basi, haimaanishi kuna mtu amesoma ulichoandika.

Anza na CITES. Huu ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, uliosainiwa Washington mwaka 1973 na kuanza kufanya kazi Julai 1975, leo una wanachama 185 ukihesabu na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo karibu popote unapopeleka mzigo duniani upande wa pili wanaufuata. Una orodha ya spishi zaidi ya 40,000 na hapa watu wanashangaa, sehemu kubwa sana ni mimea, kama 34,000 hivi. Yani ukisikia "wanyamapori" usifikirie tembo na chui tu, okidi imo, mti wa kutengenezea gitaa umo, matumbawe yamo, farasi wa baharini yumo, papa wengi wamo pia.

Orodha imegawanywa kwenye viambatisho vitatu. Kiambatisho cha I ni viumbe walioko hatarini kutoweka, biashara ya waliotoka porini imefungwa, na hata kwa sababu zisizo za biashara lazima nchi inayopokea itoe kibali chake cha kuingiza KWANZA ndipo nchi inayotoa iandike cha kutoa. Kiambatisho cha II ndo kikubwa kuliko vyote, biashara inaruhusiwa lakini kwa kibali cha kusafirisha nje, na kibali hicho hakitoki mpaka Mamlaka ya Kisayansi ya nchi iseme kwamba kuwatoa hao hakutaharibu uhai wa spishi porini, na Mamlaka ya Usimamizi ijiridhishe kwamba hawakupatikana kwa kuvunja sheria. Kiambatisho cha III ni spishi ambazo nchi moja imeomba wenzake waisaidie kuzilinda, ukitoka kwenye nchi hiyo unahitaji kibali, ukitoka nchi nyingine unahitaji cheti cha asili ya mzigo.

Sasa usiulize mtu kijiweni kama mnyama fulani yuko kiambatisho gani, na usitegemee ulichokuwa unajua miaka mitano iliyopita. Nenda Species+, ni tovuti ya bure, andika jina la kisayansi itakupa kiambatisho, tarehe kilipoanza, na yale maelezo madogo ya pembeni ambayo ndo yanaua watu. Mfano kasuku wa kijivu, Psittacus erithacus, miaka mingi alikuwa cha II, kuanzia Januari 2017 yuko cha I. Mtu aliyekuwa anauza zamani kihalali kabisa akirudia utaratibu ule ule leo yuko matatani. Au mamba wa Nile, baadhi ya nchi mamba wake wako cha II na kwingine wako cha I, mnyama yule yule, ngozi ile ile, tofauti ni ametoka upande gani wa mpaka.

Na mpingo ndo mfano naoupenda kuliko yote. Dalbergia zote, yani jamii ya miti ambayo mpingo umo, isipokuwa Dalbergia nigra iliyokuwa tayari cha I, ziliingizwa Kiambatisho cha II mwanzoni mwa 2017, kwa hiyo kipande cha mpingo kilichokatwa tayari kwenda kutengenezwa klarineti kinahitaji kibali. Lakini tangu Novemba 2019 klarineti yenyewe ikishakamilika haihitaji kibali cha CITES, maana ala za muziki zilizokamilika na vipuri vyake vilivyokamilika vimeondolewa kwenye masharti. Mti ule ule! Unaona sasa kwanini swali la kwanza haliwezi kuwa "nabonyeza wapi", swali la kwanza ni hiki kitu changu ni nini hasa, kimetoka kwa kiumbe gani, kiko kwenye hali gani sasa hivi, kibichi au kimeshatengenezwa.

Jina. Hapa nasisitiza mpaka nachosha watu. Kwenye kibali kutakuwa na jina la kisayansi, maneno mawili ya Kilatini. Jina hilo hilo, kwa herufi zile zile, liwe kwenye invoisi, kwenye packing list (orodha ya vilivyomo kwenye maboksi), kwenye cheti cha daktari wa mifugo kama kinahitajika, na kwenye maelezo ya bidhaa ndani ya kadhia. Jina la kawaida weka pembeni yake. Ukiandika kwenye kadhia "mapambo" au "bidhaa za ngozi" wakati ndani ni ngozi ya chatu, hata kama kibali unacho mfukoni, afisa anayelinganisha anaona mtu aliyeficha, na kwa kweli simlaumu, ndivyo wanavyoandika wanaoficha. Andika wazi: ngozi ya chatu iliyotiwa dawa, jina la Kilatini, vipande vingapi, namba ya kibali. Uwazi huo kwenye mstari mmoja unakuokolea siku nyingi.

Alafu namba ya HS, yani namba ya kuainisha bidhaa. Huu mfumo wa Shirika la Forodha Duniani unatumika tangu 1988, tarakimu sita za mwanzo ni sawa kwa nchi zote zinazoutumia, baada ya hapo kila nchi inaongeza zake. Tatizo la bidhaa za wanyamapori ni kwamba hazikai sura moja. Reptilia hai ni 0106.20. Ngozi mbichi ya reptilia ni 4103.20, ikishatiwa dawa inahamia 4106.40, ikimaliziwa zaidi ikawa tayari kwa mshonaji ni 4113.30, ikishonwa mkoba inaenda kabisa sura ya 42 pamoja na mikoba mingine yote. Pembe mbichi na magamba ya kasa viko 0507, ukichonga pembe ikawa sanamu ndogo unaenda 9601, ikawa kitana ni 9615, ikawa kifungo ni 9606. Magamba ya konokono wa baharini na matumbawe ambayo hayajafanyiwa kazi yako 0508. Kasuku hai na ndugu zake wana namba yao wenyewe 0106.32. Samaki wa mapambo wa maji baridi ni 0301.11. Na kwenye toleo la 2022 waliongeza 9705.22 kwa ajili ya vitu vya makusanyo vinavyotokana na spishi zilizotoweka au zilizo hatarini na sehemu zake, kwa hiyo mtu wa makumbusho anayetuma vielelezo asitumie namba aliyoizoea zamani.

Kwanini nalielezea hili kwa kirefu, ni kwa sababu mfumo wa mtandaoni unaamua kukuuliza kibali au kutokukuuliza kwa kuangalia hiyo namba. Ukiweka namba ya ngozi ya ng'ombe mfumo utakupitisha bila swali lolote, unadhani umefaulu, kumbe umejitengenezea kosa la kutoa tamko la uongo. Ukiweka namba sahihi mfumo wenyewe utakusimamisha na kudai namba ya kibali, na hapo usikasirike, hapo ndo unafanya kazi yake. Na kuna kitu kingine, mkoba wa ngozi ya mamba na mkoba wa ngozi ya ng'ombe vinaweza kuangukia namba moja ya tarakimu sita, kwa hiyo mfumo hautajua, ni wewe unayetakiwa kusema. Mfumo kunyamaza sio ruhusa.

Kwenye kibali chenyewe angalia herufi mbili ambazo wasafirishaji wengi hawazitazami kabisa. Moja ni ya chanzo: W ametoka porini, C amezaliwa na kukuzwa kwenye ufugaji uliotimiza masharti, R amechukuliwa porini akiwa yai au mdogo akakuzwa, F amezaliwa kwenye ufugaji lakini masharti ya C hayajatimia, A ni mimea iliyooteshwa na mtu. Nyingine ni ya madhumuni, T biashara, S sayansi, Z bustani ya wanyama, P binafsi, H nyara ya uwindaji. Kuna faili lilinifikia lina herufi P kwenye kibali alafu invoisi ya vipande 200 na bei ya kila kimoja. Mtu hana nia mbaya, alijaziwa na mtu mwingine na hakusoma. Lakini hiyo ni karatasi mbili zinazokanushana na hakuna afisa atakayesaini juu yake. Kibali kikitoka kikiwa na kosa kirudishe kwa aliyekitoa akirekebishe, usikwangue wala usiandike juu kwa kalamu, kibali kilichochezewa ni kibali kilichokufa.

Kabla hujafika kwenye forodha yako, muulize mteja kwake kukoje. Mkataba unaruhusu nchi kuweka sheria kali zaidi na nyingi zimeweka. Umoja wa Ulaya kwa spishi nyingi za Kiambatisho cha II wanataka na kibali chao cha kuingiza pia, ambacho mkataba wenyewe haudai, na mnunuzi ndo anakiomba kule, kwa kutumia nakala ya kibali chako. Kwa hiyo mpangilio ni kibali chako kitoke, umtumie nakala, yeye aombe chake, kipatikane, NDIPO uweke nafasi ya ndege. Marekani wana tamko lao la wanyamapori, fomu 3-177, linajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa eDecs, na mizigo ya wanyamapori inatakiwa kuingilia kwenye bandari na viwanja maalum vilivyotajwa, sio popote. Mtu anakata tiketi ya mzigo kwenda mji ambao sio kati ya hiyo kwa sababu nauli ilikuwa nafuu, mzigo unashikwa upande wa pili na hapo wewe huna tena la kufanya.

Haya sasa ndo tunafika kwenye kompyuta. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika 22 Februari 2017, unazitaka nchi zijitahidi kuwa na dirisha moja, yani msafirishaji aweke nyaraka mara moja na ofisi zote zinazohusika zizione hapo hapo. Zaidi ya nchi 100 zinatumia mfumo wa ASYCUDA uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, kwa ajili ya kadhia, na UNCTAD hao hao wana moduli ya eCITES ya kutoa vibali kielektroniki ambayo inaweza kuongea na forodha. Kwenye nchi iliyounganisha, unaweka namba ya kibali, mfumo unakivuta wenyewe, spishi na kiasi vinalinganishwa bila mtu kuaplodi chochote. Hii naiombea ifike kila mahali, kwa sababu kibali cha karatasi kinaweza kughushiwa na kutumika mara mbili, cha kwenye mfumo kikishatumika kimetumika.

Ila nchi nyingi bado ziko katikati. Unaomba mtandaoni, unalipa mtandaoni, alafu kibali chenyewe kinatoka kwenye karatasi maalum yenye muhuri na wakati mwingine stempu ya usalama, na karatasi hiyo halisi ndo inatakiwa isafiri na mzigo, sio skani yake. Ile PDF uliyoaplodi ni ya forodha kuona tu. Huko unakopeleka mamlaka yao inatakiwa kuichukua ile orijino, kuifuta na kubaki nayo. Kwa hiyo uliza mapema kabisa, nchi yangu inatoa kibali cha kielektroniki au karatasi, na nchi ninayopeleka inakubali kipi, maana majibu yanaweza yasifanane.

Kwenye kujaza, kitu kinachosumbua kuliko vyote ni kipimo. Kibali kinasema ngozi 300, yani idadi. Packing list inasema kilo. Kadhia nayo ina kipimo chake cha takwimu kinachotokana na namba ya HS, saa ingine ni kilo saa ingine ni idadi. Mbao kibali kinasema mita za ujazo na mwenye gari anaongea tani. Weka vyote viwili kila mahali pale fomu inaporuhusu, na pale isiporuhusu tumia sehemu ya maelezo kuandika kipimo cha kibali. Kiasi kwenye kadhia kinaweza kuwa pungufu ya kibali, hilo halina shida, lakini kisizidi hata kwa kipande kimoja. Ngozi za mamba zina kitu cha ziada, kila ngozi inatakiwa kuwa na lebo yake isiyoweza kutumika tena, ina alama ya nchi na namba yake ya pekee, na namba hizo zionekane kwenye kibali. Kaa chini uzisome moja moja kabla ya kufunga maboksi. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini afisa akifungua boksi moja akakuta namba ambayo haipo kwenye orodha atafungua yote.

Kibali kimoja mzigo mmoja, huwezi kutuma nusu leo nusu mwezi ujao kwa kibali hicho hicho. Na kina uhai usiozidi miezi sita tangu kitolewe. Na kibali cha baada ya mzigo kuondoka kimsingi hakitolewi, kwa hiyo ile lugha ya "tuma kwanza karatasi zitafuata" ikija kwenye mzigo wa namba hizi ikatae, hata kama anayekwambia ni wakala mwenye uzoefu mkubwa kuliko wewe.

Kwa wanyama hai kuna uzito mwingine. Mashirika ya ndege yanafuata kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, za usafirishaji wa wanyama hai, zinaeleza boksi la kila aina ya mnyama liweje, hewa iingie wapi, nafasi kiasi gani, na mkataba wa CITES wenyewe unadai mnyama aandaliwe asiumie wala kuteswa njiani. Usiwafunge wanyama kwenye maboksi kabla kadhia haijaachiliwa na nafasi ya ndege haijathibitishwa. Nimeona kinyonga aliyekaa kwenye boksi kwa sababu herufi moja ya jina la Kilatini ilikosewa kwenye invoisi, na mtu anajibu barua pepe taratibu kana kwamba anasubiri shehena ya viatu. Kama unafanya biashara ya kitu kinachopumua, hakikisha karatasi zote zimetulia kabla hujamgusa.

Na tafadhali, mtandaoni kuna tovuti na watu wa magrupu wanaouza "vibali vya CITES" kwa siku moja. Kibali kinatolewa na Mamlaka ya Usimamizi ya nchi husika, hakuna mwingine. Orodha ya mamlaka hizo kwa kila nchi iko kwenye tovuti ya CITES, na anwani zao. Kama uliyemlipa hayupo kwenye orodha hiyo umenunua karatasi.

Ukishasabmiti, mfumo unaupangia mzigo njia kulingana na vihatarishi, na kwa bidhaa hizi tegemea njia nyekundu, yani ukaguzi wa macho. Uwepo mwenyewe au mtu anayejua mzigo awepo, na kila boksi liwe na namba inayolingana na packing list. Kwenye kibali kuna sehemu ya chini ambayo afisa wa pale pa kutokea anatakiwa kuandika kiasi kilichotoka kweli, tarehe, sahihi na muhuri. Watu wanakimbilia ndege wanaisahau sehemu hii, na kuna nchi zinazopokea zikikuta iko tupu zinakataa kibali kizima. Usiondoke pale dirishani bila kuiona imejazwa.

Sehemu hiyo ina kazi nyingine kubwa ambayo hatuioni. Kila nchi mwanachama inatakiwa kupeleka ripoti ya biashara yake ya mwaka, mwisho ni 31 Oktoba ya mwaka unaofuata, na takwimu hizo zinaingia kwenye hifadhidata ya biashara ya CITES ambayo wataalamu wanaitumia kuangalia kama spishi inavunwa kupita kiasi. Umeomba kibali cha vinyonga 500, umetuma 320, kama hakuna aliyeandika 320 basi ripoti inaweza kusema 500 wametoka. Mwaka ukifuata mtu anapanga kiwango cha kuvuna kwa namba ambayo haikutokea, na wewe unaweza kupunguziwa mgao kwa wanyama ambao hata hukuwagusa. Kwa hiyo nakala ya kibali kilichojazwa irudishe ofisini kwa waliokupa, pamoja na kibali chochote ambacho hukukitumia, weka skani zake kwenye faili moja na kadhia na barua ya kutokea mzigo, na ulipe jina la faili hilo namba ya kibali ili mwaka ujao ukiomba tena uwe nalo mkononi.